Mlafi wa Daraja la Kwanza

Aliye na njaa akale kwanza, kisha arudi, maana habari hii haisikiliziki kwa tumbo tupu. Na aliyeshiba alegeze mkanda, asije akasema baadaye kwamba nilimchokoza. Nchi ninayoisimulia haipo jirani. Haipo hata kwa jirani wa jirani. Ukiiona inafanana na nchi unayoijua, lawama zako zipeleke kwa hiyo unayoijua, mimi simo.

Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Siniani, na watu wake walikuwa na tabia moja njema kupita zote: hawakula peke yao. Awe tajiri, awe fukara, chakula kilikuwa cha sinia, watu sita au saba, mikono imeoshwa, miguu imekunjwa. Mkuu wa nchi hakuitwa rais wala mfalme. Aliitwa Mpakuzi Mkuu, kwa sababu siku ya kuapishwa alikabidhiwa upawa wa fedha akaahidi mbele ya umma kwamba atapakua kwa haki. Kuhusu ulikokwenda upawa huo baada ya kuapishwa, serikali ilikwisha kutoa maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa marefu sana.

Sasa, katika sinia la Siniani nyama ilikaa katikati, juu ya kilima cha wali, na haikuguswa. Mtu alikula wali wa upande wake huku akiitazama tu, mpaka mpishi mkuu wa shughuli apite na kisu, aikate, amsogezee kila mmoja fungu lake. Ole wake aliyetangulia kuinyakua! Mpishi alisimama juu yake akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Mlafi!" Mara moja tu, basi. Mlafi aliinuka, akanawa, akaenda kumalizia chakula jikoni pamoja na masufuria, wapishi wakimtania mpaka chozi limtoke. Kesho yake yamekwisha. Mashehe wamewahi kwenda jikoni, maharusi wamewahi kwenda jikoni, na kuna hakimu mmoja alikwenda mara nyingi kiasi cha kuwekewa mkeka wake. Hakuna aliyenuna, kwani wenyewe walisema: neno la mpishi halina kesi.

Ikafika sikukuu ya Sinia la Taifa, ambapo nchi nzima, kwa uwakilishi, hula pamoja uwanjani. Mpishi mkuu mwaka huo alikuwa Bi. Kazija, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Mpakuzi Mkuu aliketi na wazee waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, yaani wazee wasio na meno. Dua haijaisha, nyama ya sinia lake imekwisha. Wazee wakabaki wanapatazama pale ilipokuwa. Mpakuzi Mkuu akageuka nyuma, akaichukua na ya sinia la mabalozi, ambao walitabasamu kidiplomasia. Halafu akaagiza masinia ya walimu na ya wakunga yasogezwe mbele yake kwa ajili ya ukaguzi. Yakakaguliwa. Mifupa ilirudishwa kwa wenyewe.

Bi. Kazija alipotoka jikoni na kisu chake, hakukuta cha kukata. Hakuuliza ni nani, mashavu yalikuwa yakijieleza yenyewe. Akaenda akasimama juu ya Mpakuzi Mkuu, mkono mmoja kiunoni.

"Mlafi!"

Kiongozi wa bendi, aliyekuwa ameamriwa apige wimbo wa taifa pindi tu akisikia Mpakuzi Mkuu ametajwa, akapiga wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama wima.

"Inuka baba, ukanawe," Bi. Kazija akamalizia kwa upole wimbo ulipokwisha, kama desturi inavyotaka. "Jikoni kuna nafasi."

Mpakuzi Mkuu hakuinuka. Walioinuka ni askari. Walimchukua Bi. Kazija, wakachukua kisu chake na mwiko wake, na kwa kuwa hawakujua ni kielelezo kipi kitahitajika mahakamani, wakachukua na sufuria zima la pilau. Sufuria lilifika kituoni likiwa jepesi.

*

Bi. Kazija alikuwa na mtoto mmoja, na hata huyo hakumzaa. Alikuwa wa marehemu mdogo wake, jina lake Miraji Sadala, naye alimlea kwa ukoko wa shughuli za watu. Kila harusi aliyopika alirudi na ukoko wa pilau umefungwa kwenye jani la mgomba, na ukoko huo ndio uliomfikisha Miraji chuo kikuu. Wakati wa habari hii alikuwa Mkurugenzi wa Baraza la Maneno. Kazi ya Baraza ilikuwa kuunda maneno ili wananchi wayatumie. Soksi, kwa mfano, Baraza lilikata shauri ziitwe vifumbatanyayo. Wananchi waliliheshimu mno Baraza lao, wakaendelea kusema soksi.

Miraji alikuwa mtu mwema. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu baadaye litatusumbua. Alimpenda mama yake huyo kuliko kitu chochote, na aliwaogopa wakubwa kuliko kitu chochote, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana njiani mpaka siku ile.

Huku nyuma, wanasheria wa serikali walikuwa wamekwama. Wakiandika kwamba mshtakiwa alimwita Mpakuzi Mkuu mlafi ilhali si mlafi, itabidi wathibitishe kuwa si mlafi, na waliomwona anakula ni uwanja mzima. Wakiandika kwamba alimwita mlafi na kweli ni mlafi, basi kosa liko wapi? Mmoja wao alipendekeza kosa liwe ni kuona. Ndipo Waziri wa Shibe na Utulivu, Mheshimiwa Songoro, alipopata fikra, akaagiza Miraji aitwe.

"Kijana," alianza Waziri. Miraji alikuwa na mvi kichwani, lakini mbele ya Waziri kila mtu alikuwa kijana. "Nimesikitika sana kuhusu mama. Mpishi hodari yule, biriani lake nalijua mimi mwenyewe. Hebu nieleze wewe mwenye maneno: mlafi maana yake nini?"

Miraji akajibu polepole. "Mheshimiwa, ni mtu ambaye... hula."

"Kila mtu hula."

"Hula zaidi, Mheshimiwa. Akimaliza fungu lake anataka na la mwenziwe. Akishiba, bado anataka. Hata asipoweza kula tena, hapendi kuona mwingine anakula."

"Nani kasema?"

"Watu, Mheshimiwa."

"Ahaa! Watu!" Waziri aliinua kidole kuelekea dari. "Na Baraza la Maneno tumeliweka la nini? Tukiwaachia watu wa sokoni maana ya mlafi, kesho watataka na maana ya uchaguzi. Kijana, nchi hii ina misitu, ina madini, ina maneno. Vyote ni mali ya serikali. Sasa nisikilize. Mama yako kalitamka neno, watu wamelisikia, halirudi mdomoni. Lakini maana yake bado inarekebishika. Likibaki tusi, mama anakwenda Kisiwa cha Tafakuri, na kwa umri ule, na baridi ya kule..." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kiserikali. "Likiwa sifa, mama anarudi nyumbani kwake. Kazi kwako."

Nasikia wapo watu ambao wangekataa. Huenda. Miraji alitoka pale hata ngazi haoni anavyozishuka. Mama ameokoka! Mkubwa amefurahi! Na neno je? Neno lina damu itoke? Lina watoto walie? Alijiuliza hivyo njia nzima, na njia nzima akajijibu vizuri.

*

Baraza likakutana kwa dharura, na dharura yenyewe ilianza baada ya chai na sambusa. Mjumbe wa kwanza akapendekeza: mlafi ni mtu mwenye afya. Ikaonekana ni fupi mno kwa cheo cha mhusika. Mjumbe wa pili akapendekeza: mlafi ni mzalendo anayetangulia kula ili kuwakinga wenzake na sumu. Hiyo ilisifiwa sana, ila profesa mmoja mzee akauliza kwa nini basi mzalendo huyo, akishajua hakuna sumu, hawaachii wenzake. Profesa akaombwa akapunge upepo nje.

Mwishowe Miraji mwenyewe akasimama. Alikuwa na kipaji, hilo nalo tuliseme. Akasoma: "Mlafi ni kiongozi anayejitolea kuubeba katika tumbo lake mzigo wa shibe ya walio wengi."

Loo! Wajumbe walisimama wakapiga makofi mpaka vikombe vikalia mezani. Miraji aliona haya kidogo, na ndani ya haya aliona utamu. Miaka yote ile ya vifumbatanyayo, hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Jioni akaenda rumande na habari njema mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?" Ndivyo Bi. Kazija alivyomsalimu kila mtu, hata askari waliomkamata.

Miraji akamweleza kila kitu. Bi. Kazija alimsikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Kwa hiyo yule bwana nilimsifu?"

"Kisheria, ndiyo, mama."

"Lakini mimi nilimsema vibaya, Miraji. Nilimsema vibaya kwa moyo wangu wote."

"Mama, shusha sauti."

"Sauti yangu haina pa kushukia. Hebu nikuulize. Ulipokuwa mdogo ukainyakua nyama ya dada yako Mwanamvua, binti wa mjomba wako, nilikuita nani?"

"Mlafi, mama."

"Ulikufa?"

"Sikufa."

"Ukarudia?"

"Sikurudia."

"Basi neno lile ni dawa, mwanangu. Chungu, lakini dawa. Ninapomwita mtu mlafi namwambia: wewe ni wetu, umepotea kidogo, nenda jikoni ukachekwe, kesho tutakula tena pamoja. Mkilifanya sifa, mtu nitamrudishaje? Nitamwambiaje?"

Miraji akaanza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli, hayakuwa ya ofisini. "Mama, kule kisiwani utakufa. Mimi nitabaki na nani? Ukiulizwa kortini wewe itikia tu, ndiyo, nilimsifu. Neno moja tu!"

Bi. Kazija alimfuta mashavu kwa kanga. Mkono ulikuwa wa mama, lakini macho yalikuwa makavu. "Nipelekeni kisiwani na neno langu, nitakwenda. Ila ukinitoa humu kwa kuniibia, Miraji, mimi na wewe hatutasemeshana tena. Nimekwambia."

Miraji alidhani ni hasira za rumande, na kwamba pilau la nyumbani litazituliza.

*

Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mwinshehe, mtu wa busara sana ambaye hukumu zake zilifika kabla ya mashahidi. Miraji akaapishwa, akasoma maana mpya ya neno. Mahakama nzima iliguna kwa heshima.

"Bi. Kazija," akasema Jaji, "ulimwita Mpakuzi Mkuu mlafi?"

"Nilimwita."

"Mbele ya umma?"

"Mbele ya umma, na wimbo wa taifa ukapigwa."

"Hongera sana. Mahakama haijapata kuona mama wa kawaida anayemsifu kiongozi wake kwa sauti kiasi hicho."

"Sikumsifu! Yule ni mlafi!"

"Karani, andika kwamba amerudia sifa bila kushurutishwa."

"Mroho yule!"

Jaji akamtazama Miraji. Miraji akamtazama Waziri Songoro aliyekaa mstari wa mbele. Waziri akakohoa kidogo.

"Mroho," akasema Miraji akiangalia viatu vyake, "ni mlafi wa daraja la pili."

"Mlaku!"

"Daraja la tatu, Mheshimiwa Jaji."

"Mchwa huyo! Anakula nyumba na wenye nyumba wamo ndani!"

"Huo sasa ni ushairi," Jaji akasema, akavua miwani kufuta macho. "Mahakama imeguswa."

Watu waliojaa pale walishangilia, na walioletwa kwa malori walishangilia zaidi. Kila jiwe alilorusha Bi. Kazija lilipokewa kwa makofi. Akaufungua mdomo tena. Midomo ilicheza, ikatafuta, haikupata kitu. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno akaufunga mdomo wake mbele ya halaiki ile, akavishwa nishani kifuani kwa kuwa raia wa kwanza kumtambua Mlafi wa Daraja la Kwanza, akaambiwa yuko huru.

Alipotoka alipita ubavuni mwa Miraji. "Mama," akaita Miraji. Bi. Kazija hakugeuka. Nishani aliiacha kwenye ngazi za mahakama, mbuzi wa mlinzi akaitafuna.

Miraji akapewa gari, akapewa nyumba yenye lango linalofunguka lenyewe, akapewa na kiti cha kudumu katika karamu za Ikulu. Alijiambia yote hayo ni kwa ajili ya mama. Akamnunulia jiko la gesi. Jiko likarudishwa kwa mkokoteni, bila salamu. Akampelekea kanga doti nzima nzima, nazo zikarudi zimekunjwa vizuri. Kila Ijumaa alikwenda kubisha hodi, akabisha mpaka majirani wakamwitikia karibu kwa huruma, lakini mwenye nyumba hakuitikia.

*

Siniani sasa ikaingia katika neema ya ulafi. Magazeti yalitangaza kwamba Waziri wa Maji ametunukiwa ulafi wa mito na mabwawa. Mashuleni, mtoto aliyekula maandazi ya wenzake alipewa cheti na picha yake ikabandikwa ukutani. Posa zilipelekwa kwa maneno mazito: "Tumekuja kuposa katika ukoo wa walafi." Mpakuzi Mkuu naye akahutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "wako wanaouliza, mlafi atakula mpaka lini? Nawajibu: mpaka ninyi mtakaposhiba!" Wananchi walipiga makofi, halafu wakaenda nyumbani wakijaribu kuielewa ile hesabu.

Mambo yalikuwa mabaya huko masiniani. Wakubwa walinyakua nyama mchana kweupe, na wadogo wakajifunza kwa wakubwa. Wapishi walisimama na visu vyao, vinywa wazi, hawana la kuita. Kumwambia mtu mlafi ilikuwa kumpandisha cheo. Polepole watu wakaacha kukaa pamoja. Wakaanza kufunga milango, kila mtu na kibakuli chake, akitafuna huku akisikiliza kama jirani naye anatafuna. Jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana Siniani tangu enzi za mababu, na lilitisha.

Ndipo siku moja muuza ndizi akamkuta mwanawe mkubwa anawanyang'anya wadogo zake chakula. Alitafuta neno, hakuliona, hasira zimempanda. "We!" akafoka. "Acha uheshimiwa huo! Waachie wenzio!"

Ebo! Sokoni kote watu waligeuka. Hakuna aliyeuliza maana. Kabla ya sala ya adhuhuri neno lilikuwa limevuka barabara, na baada ya wiki nchi nzima ilikuwa nalo. "Usile kiheshimiwa, wewe." "Kaka yake mheshimiwa sana, urithi wote kachukua yeye." Mlinzi wa Waziri Songoro akamwamkia bosi wake kama kawaida, "Shikamoo Mheshimiwa," akazabwa kofi.

Miraji akaitwa tena mbiombio. Ikaamriwa viongozi waitwe Watukufu. Kufika Jumanne akina mama walikuwa wanawaambia watoto, "Gawa sawa, usilete utukufu hapa." Ikaamriwa waitwe Waadilifu. Neno hilo lilidumu mpaka Alhamisi, maskini, nalo lilikuwa neno zuri. Wakajaribu Wazalendo, likaharibika kabla ya chakula cha mchana. Vyeo vikaisha. Viongozi wa Siniani wakawa wanaingia vikaoni bila jina, wakaitana "wewe wa koti la kijivu" na "bwana wa karibu na dirisha."

"Tufanyeje, kijana?" akauliza Waziri, sauti imepungua.

"Maana haifutiki, Mheshi... bwana wa koti la kijivu," akasema Miraji. "Ukiifukuza katika nyumba hii, inahamia nyumba ya jirani."

"Basi jirani naye abomolewe!"

Miraji alikuwa amechoka hata kuogopa. Aliomba ruhusa kwenda harusini.

*

Harusi ilikuwa ya binti wa Mwanamvua, yule dada yake aliyenyang'anywa nyama zamani. Ndugu ni ndugu, hawakuweza kuacha kumwalika. Na mpishi alikuwa Bi. Kazija. Katika nyumba za watu wadogo, yeye alikuwa bado anawalazimisha kukaa kwenye masinia kama zamani, kwa macho tu na kwa ncha ya mwiko.

Miraji aliliacha gari mbali, akavaa kanzu ya kawaida. Usingizi ulikuwa umemruka siku nyingi akifikiria atakachosema. Baada ya chakula ataingia jikoni, atapiga magoti kwenye majivu, atasema: mama, nimekosa, nipige, nitukane, lakini nisemeshe. Gari wachukue, na nyumba pamoja na lango lake. Alitaka kusikia jina lake kinywani mwa mama yake, basi. Zaidi ya hilo hakutaka kitu duniani.

Akakaribishwa kwenye sinia pamoja na fundi viatu, mwalimu wa madrasa na wazee wa mtaani. Wakasogea kumpa nafasi. "Karibu, mwanetu, ule," wakamwambia, bila kinyongo. Wali ulikuwa unafuka, nyama iko juu ya kilima, kubwa, imeiva. Miraji hakuitazama nyama. Alitazama mlango wa jikoni, akingoja kuona ile kanga ikitokea.

Lakini mkono wake ulikuwa umekula Ikulu muda mrefu. Huko Ikulu anayengoja hulala njaa, na mkono ulikuwa umejifunza kutomngoja mwenyewe. Miraji alizinduka mdomo umejaa, mashavu yametuna, na nyama yote ya sinia lile iko chini ya vidole vyake. Fundi viatu alikuwa ametazama pembeni kwa aibu, aibu isiyokuwa yake.

Bi. Kazija alikuwa amekwisha kufika. Kisu mkononi. Akasimama juu yake.

Miraji akainua macho, na macho yakamjaa machozi, na hata hivyo kuna furaha ilimpita moyoni. Niite, mama, aliomba kimoyomoyo. Niite mlafi. Nitainuka sasa hivi, nitanawa, nitakwenda jikoni mnicheke mpaka alfajiri, na kesho yamekwisha. Kisha akakumbuka. Mlafi ilikuwa nishani. Mroho, daraja la pili. Mlaku, la tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Mheshimiwa, mtukufu, mwadilifu, mzalendo, yote yamechuja kwa kutumiwa, hata watoto wameyachoka. Akauona mdomo wa mama yake unacheza, unatafuta, kama siku ile mahakamani, na akataka kumsaidia kutafuta, naye hakuwa na neno.

Bi. Kazija akavuta pumzi. Akaweka mkono kiunoni. Sauti yake ilifika mpaka uani, mpaka kwenye masinia ya nje, mpaka kwa bibi harusi chumbani.

"Miraji!"

"Labeka, mama!" akaitikia Miraji upesi, uso umemng'aa kwa furaha, maana alikuwa ameitwa.

Hakuna aliyecheka. Bi. Kazija hakumwambia ainuke. Alikuwa amekwisha kupita, amefika sinia la pili la akina mama, ameinama anakata nyama na kumsogezea kila mmoja fungu lake. Mkono mdogo wa binti mmoja ukaanza kutambaa kuelekea nyama ya bibi yake. Mama yake akaudaka.

"We!" akamnong'oneza. "Usiwe miraji."

Mtoto akaurudisha mkono.